Mtaalamu Mara Moja, Mwanga Mara Hamsini: Hoja ya Kupeleka Tiba ya Urujuanimno Bariadi

Mfumo wa rufaa wa hospitali zetu umejengwa juu ya dhana kwamba ugonjwa ukiwa mgumu, mgonjwa asafiri. Zahanati humwandikia barua ya kwenda kituo cha afya, kituo humpeleka hospitali ya wilaya, wilaya humpeleka hospitali ya rufaa ya mkoa, na mkoa ukishindwa humpeleka ya kanda. Kwa mtu anayekwenda kupasuliwa, dhana hiyo inafaa: anakwenda, anapasuliwa, anapata nafuu, anarudi kwao. Haifai hata kidogo kwa tiba ambayo ugumu wake hauko kwenye mkono wa bingwa bali kwenye kurudiwarudiwa. Tiba ya ngozi kwa mionzi ya urujuanimno ni ya aina hiyo. Mgonjwa wa vitiligo, ugonjwa ambao wazee wa pwani waliuita barasi na ambao huondoa rangi ya ngozi na kuacha mabaka meupe, anahitaji jicho la bingwa mara moja au mbili. Baada ya hapo anachohitaji ni kusimama mbele ya taa kwa sekunde kadhaa au dakika chache, mara mbili hadi tatu kwa wiki, kwa miezi. Mapendekezo ya kitaalamu yanayofuatwa na madaktari wengi wa ngozi duniani yanasema asihukumiwe kuwa tiba imemkataa kabla hajapata walau vipindi 48, na wapo wanaoitikia baada ya kufikisha 72.

Tuipeleke hesabu hiyo Simiyu. Kutoka Bariadi hadi Mwanza, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, ni zaidi ya kilomita 150. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 300. Ukizidisha kwa vipindi 48 unapata zaidi ya kilomita 14,400 kwa mgonjwa mmoja. Hakuna mkulima wa pamba, mwalimu wa shule ya msingi wala mama mwenye genge sokoni anayeweza safari hizo, na kama angeweza, nauli peke yake ingekuwa imeshapita thamani ya tiba yenyewe. Kwa hiyo mgonjwa huyo akiandikiwa rufaa, kinachofuata kinajulikana. Anakwenda mara moja, anaambiwa arudi kesho kutwa, anarudi Bariadi na kubaki huko. Kwenye kumbukumbu za hospitali ataandikwa kuwa ameacha tiba, ingawa tiba yenyewe ndiyo iliyowekwa mahali asipoweza kufika.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mpangilio huo umegeuzwa miguu juu, na kwamba mkoa kama Simiyu ndipo unapopaswa kurekebishwa. Bingwa anaweza kubaki mbali, lakini taa haiwezi. Hata hivyo nitaonyesha kwamba taa ni ya mwisho kununuliwa katika orodha ya mahitaji, na kwamba kuna kundi moja la wananchi wa mkoa huu ambao mwanga huohuo kwao ni sumu. Mtu akiitetea tiba hii Kanda ya Ziwa bila kulitaja kundi hilo, atakuwa anafanya jambo la hatari.

Simiyu ni mkoa mpya. Ulimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012 ukapewa wilaya tano, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 2.1. Wengi wao ni Wasukuma, na katika eneo la Bariadi ni Wanyantuzu. Ni watu wa jembe, ng'ombe na pamba, ambao siku yao ya kazi hupita juani. Mkoa uko chini kidogo ya ikweta, kati ya nyuzi mbili na nne kusini, na mji wa Bariadi uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia kama 10. Kwa hiyo hapa mwanga si haba, na ni lazima tueleze kwa nini taa inahitajika mahali penye jua namna hiyo. Nitalirudia swali hilo, kwa sababu ndilo la kwanza ambalo mjumbe yeyote wa kamati ya afya ya mkoa ataliuliza.

Kwanza, mwanga wenyewe. Urujuanimno ni sehemu ya mwanga wa jua ambayo jicho haliioni, iliyogunduliwa na Johann Ritter mwaka 1801. Wanasayansi huigawa katika mafungu matatu kwa urefu wa mawimbi. Fungu A ni la nanomita 315 hadi 400, fungu B ni la 280 hadi 315, na fungu C, la chini ya 280, huzuiwa na tabaka la ozoni lisitufikie. Fungu C ndilo linalotolewa na taa za kuua vijidudu katika baadhi ya wodi za kifua kikuu, na halifai kuelekezwa kwenye ngozi ya mtu. Wauguzi wa wodi za wazazi nao wanaijua taa ya bluu wanayowekewa watoto wachanga wenye manjano. Hiyo si urujuanimno kabisa, ni mwanga wa kawaida unaoonekana. Nayasema haya kwa sababu katika hospitali ambayo taa hizo mbili na ile ya tiba ya ngozi zinaweza kukutana, atakayezichanganya anaweza kumuunguza mgonjwa.

Tiba hii ilianza kwa ugonjwa tunaoufahamu vizuri Tanzania. Niels Finsen, daktari aliyezaliwa visiwa vya Faroe na kufanya kazi Copenhagen, alitumia mwanga wa taa kali za kaboni kutibu kifua kikuu cha ngozi ya uso, akafungua taasisi yake mwaka 1896 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Alifariki mwaka uliofuata. Watafiti wa Denmark waliozichunguza lenzi zake miaka zaidi ya 100 baadaye walikuta kwamba zilizuia sehemu kubwa ya mawimbi mafupi ambayo yalidhaniwa kuwa ndiyo yaliyowaponya wagonjwa wake. Wagonjwa walipona kweli, ila kwa sababu tofauti na ile iliyoandikwa vitabuni. Mimi naona hilo ni onyo kwa kila anayezungumzia mwanga kama dawa bila kuupima.

Njia ya pili ilitoka Bonde la Nile. Huko mmea uitwao *Ammi majus* ulikuwa ukitumiwa tangu zamani na watu wenye mabaka meupe, waliokula mbegu zake kisha wakaota jua. Katika miaka ya 1940 Abdel Monem El Mofty wa Cairo aliijaribu dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye mmea huo, psoraleni, kwa wagonjwa wa vitiligo. Mwaka 1974 madaktari wa Boston waliiunganisha na taa za fungu A kutibu ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, na kwa miaka 20 hivi tiba hiyo ilitawala. Lakini ilikuja na mzigo. Kidonge humtia mgonjwa kichefuchefu, macho yake lazima yafunikwe kwa miwani siku nzima, na ufuatiliaji mrefu wa wagonjwa 1,380 nchini Marekani ulionyesha saratani ya ngozi ikiongezeka kadiri vipindi vilivyoongezeka.

Tunachokizungumzia leo ni kitu kingine. Mwaka 1981 Parrish na Jaenicke walipima wimbi moja baada ya jingine na kukuta kwamba mawimbi mafupi, yale ya nanomita 290 kushuka chini, huunguza ngozi bila kuponya soriasisi, ilhali yale yanayokaribia 311 huponya kwa kuunguza kidogo. Viwanda vikatengeneza tyubu zinazotoa karibu wimbi hilo peke yake, na mwaka 1997 Westerhof na mwenzake huko Uholanzi walionyesha kwamba zinafaa kwa vitiligo pia. Taa ya 311, kama tutakavyoiita hapa, haihitaji kidonge. Inaweza kutumiwa kwa mtoto, na kwa mjamzito anayeendelea na vidonge vyake vya asidi ya foliki. Haihitaji vipimo vya ini na damu ambavyo mgonjwa wa soriasisi anayetumia metotreksati hawezi kuvikwepa. Kuhusu saratani, uchunguzi wa wagonjwa 3,867 nchini Uskoti uliochapishwa mwaka 2008 haukuona ongezeko la maana, na hao walikuwa watu wa ngozi nyeupe, isiyo na kinga ya melanini waliyonayo wakazi wengi wa Simiyu. Inasaidia pia pumu ya ngozi iliyokataa mafuta ya kupaka, na upele sugu unaowawasha usiku kucha baadhi ya watu wanaoishi na VVU. Katika mkoa ambao dawa za kisasa za soriasisi zinazodungwa kwa sindano hazitafika kwa bei ya mkulima, ni vigumu kutaja tiba nyingine yenye faida nyingi hivi na madhara machache hivi.

Hapo juu nimesema taa ni ya mwisho kununuliwa. Cha kwanza ni utambuzi. Baka jeupe kwenye ngozi ya mkazi wa Itilima linaweza kuwa vitiligo. Linaweza pia kuwa ukoma, utangotango, kovu la kuungua, au ngozi iliyoharibiwa na krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni. Hofu kubwa kijijini ni ukoma, na hofu hiyo ina gharama, kwa maana wapo waliovunjiwa uchumba na waliotengewa sahani kwa baka lisiloambukiza chochote. Mgonjwa wa ukoma naye akipelekwa kwenye taa kwa miezi sita badala ya kupewa dawa mseto, ambazo Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma huzitoa bure, neva zake zitaendelea kufa huku akisubiri rangi irudi.

Kifaa cha kuwatenganisha wawili hao kinalimwa mkoani humohumo. Tabibu anachukua nyuzi chache za pamba, anazisokota ncha, anamwambia mgonjwa afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Kwenye baka la vitiligo mgonjwa ataonyesha bila kukosea, kwa sababu ni rangi tu iliyoondoka. Kwenye baka la ukoma kidole chake mara nyingi kitakaa kimya, au kitaonyesha pembeni. Baka la ukoma pia kwa kawaida halina weupe wa chokaa, limefifia tu. Kipimo cha pili ni taa ndogo ya mkononi iliyobuniwa na mwanafizikia Robert Wood mwanzoni mwa karne ya 20, inayotoa urujuanimno wa nanomita kama 365. Chumba kikitiwa giza, baka la vitiligo hung'aa weupe wa kibuluu wenye mipaka iliyo wazi, na utangotango mara nyingi hung'aa kwa umanjano. Taa hiyo ni ndogo na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kabati la tiba. Mtu akiniuliza urujuanimno uanzie wapi Bariadi, nitamjibu kwamba uanzie hapo, kwenye kutambua, hata kama kabati la tiba litachukua miaka kufika.

Sasa nalifikia kundi nililolitaja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino ukilinganisha na idadi ya wakazi wake, na Kanda ya Ziwa ina wengi. Kwa watu hawa jua ni adui wa maisha yote. Uchunguzi wa Luande na wenzake uliochapishwa mwaka 1985 juu ya watu wenye ualbino nchini ulionyesha kwamba ngozi huanza kuharibika tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na saratani huwafikia wangali vijana. Kanda hii pia imewaua na kuwakata viungo kwa imani za kishirikina, na aibu hiyo haijafutika. Mtu mwenye ualbino haingizwi kwenye kabati la mwanga. Si kwa dozi ndogo, si kwa majaribio, na hata akiwa na ugonjwa mwingine wa ngozi, atatafutiwa tiba nyingine.

Ila hatari ninayoiogopa zaidi iko nje ya hospitali. Redio ikitangaza kwamba Bariadi sasa wanatibu ngozi kwa mwanga, mama mmoja wa Meatu mwenye mtoto mwenye ualbino anaweza kusikia kwamba weupe unatibiwa kwa mwanga, akamtoa mwanawe kivulini. Kwa sababu hiyo kliniki yoyote ya taa ya 311 Simiyu lazima iwe ileile inayotoa mafuta ya kukinga jua, kofia za ukingo mpana na naitrojeni ya kugandisha vivimbe vinavyotangulia saratani. Mafuta hayo yanatengenezwa nchini. Yale ya Kilisun hutengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC. Asubuhi moja, kwenye korido moja, muuguzi mmoja amweleze mgonjwa wa kwanza kwa nini anaingia kwenye mwanga na wa pili kwa nini anakaa kivulini kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Huduma hizi mbili zikitenganishwa, ujumbe utachanganyika mitaani. Na kama bajeti ya mkoa inatosha moja tu kati ya mbili, naandika bila kusita kwamba ichukuliwe ya kinga kwa watu wenye ualbino. Vitiligo huumiza moyo na heshima ya mtu, na huko si kuumia kudogo, lakini saratani huua.

Wapo wengine wa kuchujwa mlangoni. Lupasi ya ngozi huchochewa na mwanga. Palagra, ugonjwa wa lishe unaoweza kumpata mtu anayeishi kwa ugali wa mahindi bila mboga ya kutosha, huchubua sehemu zilizopigwa na jua. Anayemeza doksisaiklini au dawa nyingine inayoifanya ngozi iwe nyepesi kuungua lazima ajulikane kabla taa haijawashwa. Haya yote hujulikana kwa kuuliza maswali na kuandika majibu, kazi ambayo haihitaji mashine.

Turudi kwenye jua la bure. Kwa nini tusimwambie mgonjwa aote jua la Bariadi? Swali hili halistahili kudharauliwa. Wamisri waliota jua, na nchini India wapo wagonjwa wanaopewa psoraleni na kutumia jua badala ya taa hadi leo. Jibu langu ni kipimo. Dozi ya mwanga huhesabiwa kama dozi ya dawa nyingine yoyote. Kwa vitiligo huanza kwa milijuli 200 kwa kila sentimita mraba, kisha huongezwa asilimia 10 hadi 20 kila kipindi mpaka baka liwe na wekundu hafifu unaotoweka ndani ya saa 24. Wekundu ukizidi hapo, dozi inayofuata hupunguzwa. Taa ikipimwa na kukutwa inatoa miliwati 4 kwa sentimita mraba, mgonjwa wa milijuli 200 atasimama sekunde 50. Tyubu zikizeeka zikatoa miliwati 2, atasimama sekunde 100. Hesabu ni ya kugawanya tu. Mtu wa darasa la saba anaiweza. Jua halina namba hiyo. Wingu moja likipita, dozi inashuka. Saa 6 mchana inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya saa 2 asubuhi. Tena jua huleta pamoja na mawimbi ya 311 mawimbi mafupi zaidi yanayounguza ngozi kwa urahisi zaidi. Baka la vitiligo halina melanini ya kulikinga, kwa hiyo huungua kwanza, huku ngozi nzima iliyolizunguka ikizidi kuwa nyeusi. Mgonjwa aliyetafuta kuficha baka hujikuta amelichora. Zaidi ya hayo, kuungua kwenyewe kunaweza kuzalisha baka jipya, maana vitiligo hupenda kufuata jeraha.

Sisemi jua halina nafasi. Chuo kitakachofanya utafiti wa kupima mionzi ya Simiyu saa kwa saa, msimu kwa msimu, na kuwapa matabibu jedwali la dozi za jua, kitakuwa kimefanya kazi kubwa kwa nchi nzima. Ila mpaka jedwali hilo lipatikane, kumwambia mgonjwa "ota jua" ni sawa na kumpa dawa bila kumwambia vijiko vingapi.

Taa nayo ina masharti. Kabati lenye tyubu 24 za wati 100 linahitaji kilowati 2.4, na umeme ukishuka nguvu, mwanga nao hushuka. Kwa hiyo kifaa cha kupimia mwanga ni cha lazima, na fundi wa vifaa tiba aingie na kukitumia kwa ratiba, aandike namba ukutani ambapo kila mhudumu ataiona. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, sekunde zilizokwisha tumika huandikwa na zilizobaki humaliziwa ukirudi. Mgonjwa huvaa miwani ya kuzuia urujuanimno, wanaume hufunika sehemu za siri, na uso hufunikwa kama hauna ugonjwa. Hakuna kitu hapo kinachohitaji profesa.

Na wahudumu wapo. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, kilichoanzishwa kwa ushirikiano na jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa ngozi, kimekuwa kikiwachukua maafisa tabibu kutoka Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika na kuwafundisha kwa miaka miwili magonjwa ya ngozi na ya zinaa. Waanzilishi wake walitambua mapema kwamba bara hili halitapata madaktari bingwa wa ngozi wa kutosha kila wilaya, na kwamba tabibu aliyefundishwa vizuri anaweza kuibeba kazi hiyo. Tiba ya 311 ni ya watu hao hasa. Bingwa wa Bugando au wa Moshi anathibitisha ugonjwa, kwa kuonana na mgonjwa ana kwa ana au kwa picha, na kuandika mpango wa dozi; tabibu wa Bariadi anautekeleza. Hapo barua ya rufaa inasafiri kinyume na ilivyozoeleka, kutoka kanda kwenda mkoani. Kwamba mwanga hauharibiki kwa kusogezwa karibu na mgonjwa limeshathibitishwa: jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2009 liliwagawa wagonjwa wa soriasisi kwa bahati nasibu, wengine wakatumia taa nyumbani na wengine hospitalini, na matokeo yakawa sawa.

Kuna jambo moja ambalo miongozo ya Ulaya haiwezi kutufundisha, nalo ni kalenda. Kanuni za dozi ni kali kwa mtu anayekosa vipindi. Akikosa kwa siku 8 hadi 14, dozi hushushwa kwa robo. Akikosa hadi wiki tatu, hushushwa kwa nusu. Zaidi ya hapo anaanza upya. Mkulima wa Simiyu anayeanza tiba mwezi Novemba atapanda pamba kwa mvua za kwanza, atapalilia, atapulizia dawa, na kila kazi kati ya hizo itamrudisha mwanzo. Lakini pamba ikishavunwa na kuuzwa, kuanzia mwanzoni mwa Agosti, ana wiki 16 mbele yake kabla jembe halijamwita tena, na wiki 16 kwa vipindi vitatu kila wiki ni vipindi 48. Ndio mwezi pia ambao fedha ipo mkononi. Mkazi wa Mwanhuzi au Lamadi, ambaye Bariadi kwake bado ni mbali, anaweza msimu huo kukaa kwa ndugu mjini, jambo ambalo familia za hapa hulifanya kwa ajili ya masomo na uzazi bila kuona ajabu. Ratiba ya kliniki ikifuata pamba, wagonjwa watamaliza tiba. Ikifuata mwaka wa fedha wa serikali, hawatamaliza.

Upande wa malipo, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inatoa nafasi ambayo isipotumiwa mapema itafungwa na mazoea. Tukimtoza mgonjwa kwa kila anapoingia kwenye kabati, ataacha kipindi cha 10, wakati ambapo hakuna kinachoonekana bado. Tiba hii ilipiwe kama kozi moja, kama tunavyofanya kwa dawa za kifua kikuu ambazo hakuna anayezitoza kidonge kwa kidonge.

Na kinachoonekana, kinapoanza, ni kidogo sana. Katikati ya baka jeupe hutokea vidoa vya kahawia, kila kimoja kikizunguka shina la unywele, vimetawanyika kama punje za ulezi kwenye ungo. Chembe za rangi zilizojificha ndani ya mashina ya nywele zimeamshwa na mwanga na zinapanda juu. Vidoa hupanuka, hukutana, na baka hufungwa kutoka ndani. Usoni na shingoni hufungwa vizuri. Kwenye ncha za vidole na midomoni, ambako hakuna nywele, mara nyingi hakuna kinachotokea, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo siku ya kwanza. Aambiwe pia kwamba mionzi hii si ile ya kutibu saratani kule Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, maana wengi husikia neno mionzi wakadhani watanyonyoka nywele.

Kwa matabibu wa ngozi walioko Simiyu, ombi langu halisubiri bajeti. Fungueni daftari leo. Kila baka jeupe linaloingia mlangoni lipimwe kwa nyuzi za pamba, liandikwe lilipo mwilini, umri wa mgonjwa, kijiji anakotoka na umbali wake hadi Bariadi. Waandikeni kando watu wenye ualbino, pamoja na tarehe waliyopewa mafuta ya kujikinga. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo lipelekeni kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Ombi la taa likifika mezani likiwa na majina ya vijiji na hesabu ya wagonjwa, itakuwa vigumu sana kulijibu kwa kusema waende Mwanza.